Gitare ya Okazio: Kuishika ao Kuirudisha?

Hapa kwetu kwenye migodi gitare ni rafiki ya zamani. Katika mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mwenda alipiga gitare kavu tu, bila umeme. Mpaka sasa vijana wa kwaya wanatafuta gitare ya namna ile. Mupya ni bei kali, basi wananunua ya okazio. Nyuma ya siku tatu maneno inaanza: "Iko na kasoro! Niirudishe?"

Mbele ya kujibu, chunguza vizuri. Nyuzi za zamani na vyuma vigumu vya kukazia si sababu ya kurudisha, vinabadilishwa. Angalia shingo: funga jicho moja, uitazame kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Imepinda? Hesabu vyuma vya shingo mpaka cha 12. Uzi ukiwa juu yake kwa milimita 3 ao 4, ni sawa; ukifika 6, vidole vitaumia. Finya pale: sauti iwe ile ile ya uzi mutupu, lakini ya juu zaidi. Kisha angalia kibao chenye kushika nyuzi. Watu wengi wanaweka nyuzi za chuma kwenye gitare iliyotengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Chuma kinavuta kwa nguvu sana, na kibao kinangoka. Tena, wakati wa kiangazi hewa yetu inakauka, mbao inapasuka.

Umeona kasoro kubwa? Sasa fikiri mutu mwenye kuuzisha. Labda ni baba wa kanisa, mushahara hauingii, aliuzisha gitare yake kusudi alipe masomo ya watoto. Feza imekwisha kulipwa. Ukisema "rudisha yote leo," mutoto atafukuzwa darasani. Lakini feza yako nayo ilitoka kwa mama mwenye kuuzisha unga sokoni. Nani abebe hasara?

Uliza neno moja: alijua? Kama alijua na akanyamaza, gitare irudi na feza irudi yote, hata kidogo kidogo kila mwezi. Walawi 25:14 inakataza kudanganyana katika biashara. Kama hakujua, mupeleke gitare kwa fundi, mugawanye bei ya kutengeneza. Kama alikuonyesha kasoro, akapunguza bei, nawe ukasema ndiyo, uishike: ndiyo yako iwe ndiyo, Matayo 5:37. Na kama iliangukia kwako, usimupelekee.

Munaonunua, musome pia Mezali 20:14. Kuna mutu mwenye kulaumu kitu kusudi bei ishuke, halafu anaenda kujisifu. Huo nao ni wizi.

Vijana, mbele ya kutoa feza, mupatane siku za kujaribu, muandike kwenye karatasi, mushuhuda mumoja aweke sahihi. Na maneno ikizaliwa, usiitangaze kwanza kwenye kwaya. Nenda kwake ninyi wawili tu, kama Matayo 18:15 inavyofundisha, na uchukue gitare mukononi, ili aone kasoro kwa macho yake.