Biashara ni Matangazo

Nyanya zilizoiva hazingoji. Zikikosa mnunuzi kwa siku chache tu, huoza. Jasho lako hupotea bure.

Kama una simu yenye intaneti, tangaza kabla ya kuvuna. Piga picha ya nyanya zako. Andika bei, kijiji na siku ya kuvuna. Weka kwenye stetasi ya WhatsApp. Picha hukaa hapo saa 24, kisha huondoka. Wanaoiona ni wale tu ambao una namba zao, nao wana yako. Kwa hiyo, kila mnunuzi akija, peaneni namba na mzihifadhi.

Mgeni akisema amelipa, angalia kwanza salio lako. Ujumbe wa uongo upo. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote.