Shahada kwa Elimu ya Masafa: Yanayofaa Kujulikana Kabla ya Karo Kulipwa

Mkazi wa Mumbuni anayetaka kusomea shahada hana umbali mkubwa wa kusafiri. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2016, kiko mjini, na nauli ya matatu kutoka Mumbuni si kubwa. Lakini kwa mwalimu wa shule ya msingi, karani, mhudumu wa duka la dawa au mama mwenye watoto wadogo, kizuizi si kilomita, ni saa. Mhadhara wa saa nne asubuhi haumfai mtu ambaye saa hiyo yuko kazini. Hao ndio wanaouliza zaidi kuhusu elimu ya masafa, yaani kusoma bila kuketi darasani kila siku. Ndio pia wanaowindwa na matapeli, kwa sababu wana haraka na hawana nafasi ya kwenda kuuliza.

Elimu ya masafa si kitu kimoja. Walimu wengi wanaijua ile ya likizo, ambapo mwanafunzi hufika chuoni Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, husikiliza mihadhara kwa wiki chache, kisha hurudi nyumbani na kazi za kuandika. Ipo nyingine ambayo masomo yote yako mtandaoni, lakini kuna ratiba, mhadhiri na wenzake wa darasa, na kila wiki ina kazi yake. Ya tatu ni ya mwanafunzi wa kujitegemea hasa: hujiandikisha chuoni moja kwa moja, hupewa silabasi na orodha ya vitabu, husoma peke yake, na hukutana na chuo siku ya mtihani. Karo hupungua kadiri mafundisho yanavyopungua, na mzigo wa mwanafunzi huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Anayechagua njia ya tatu kwa sababu ya bei tu hujikuta akinunua kwa usiku wake kile alichokiokoa mfukoni.

Njia hii ya kujitegemea ni ya zamani. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiosomea ndani ya vyuo vyake mwaka wa 1858, na hadi leo kinatoa shahada kwa wanafunzi walioko nchi nyingine, wakiwemo wanaosoma bila kupitia kituo chochote cha kufundishia. Nelson Mandela aliandikishwa katika mpango huo akiwa mfungwa, hakuumaliza, na hatimaye akapata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, mwaka wa 1989, akiwa bado kizuizini. Karibu na nyumbani, Tom Mboya alisoma katika shule ya misheni ya Kabaa, ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Machakos. Baadaye, akiwa mkaguzi wa afya Nairobi, alisoma uchumi kwa posta kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955. Hayo ya posta hayakuwa masomo ya shahada, lakini yalikuwa ya usiku baada ya kazi, kama yanavyokuwa ya wengi hadi sasa.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua kitengo cha masomo ya posta huko Kikuyu mwaka wa 1967, ambapo vijitabu vilitumwa kwa barua na vipindi vikasikika redioni, hasa kwa walimu. Mwaka wa 1986 kikaanza kutoa shahada ya ualimu kwa njia ya masafa. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka wa 1992. Kenya ilichelewa katika hilo: Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, na makao yake ni mji wa kiteknolojia wa Konza, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Si mbali na Machakos, ingawa kwa chuo ambacho masomo yake yako mtandaoni, ukaribu huo haumpunguzii mwanafunzi chochote. Vyuo vikuu vingine vingi vya umma na vya kibinafsi pia vina kitengo cha masafa.

Kabla ya kulipa chochote, kuna swali moja linalozidi mengine yote: je, shahada hii itatambuliwa? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huchapisha orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na orodha ya programu zilizoidhinishwa. Orodha hizo ni mbili, na wengi huishia kwenye ya kwanza. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku programu fulani inayotangazwa haijaidhinishwa, na hasara humwangukia aliyesoma. Kwa hiyo jina la shahada litafutwe jinsi lilivyo, neno kwa neno. Kwa chuo cha nje ya Kenya, cheti kitahitaji kutambuliwa hapa nchini kabla ya kutumika kuombea kazi serikalini, na ni vyema mtu aulize kabla ya kuanza, si baada ya miaka minne.

Kisha kuna taaluma zenye wasimamizi wake. Uuguzi, uhandisi na sheria zina mabaraza au bodi ambazo huamua ni masomo gani zitakayoyakubali, na idhini ya chuo pekee haitoshi. Kwa ualimu wa sekondari, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) hutazama pia matokeo ya kidato cha nne: alama ya wastani ya C+ na C+ katika yale masomo mawili ya kufundishia. Mtu aliyepata C katika Hisabati anaweza kusoma hadi mwisho, akafuzu, akakosa kusajiliwa kufundisha somo hilo. Mazoezi ya kufundisha nayo hayafanyiki mtandaoni. Lazima mwanafunzi asimame mbele ya darasa kwa muhula mzima, na mwajiri wake wa sasa ajue hivyo mapema.

Kuhusu kuingia, shahada kwa kawaida inahitaji C+ katika KCSE. Asiyefikisha hana haja ya kutafuta njia ya mkato. Anaweza kupitia cheti na diploma katika eneo hilo hilo, na vyuo vingi humpunguzia baadhi ya masomo ya shahada akishafuzu diploma. Anaweza pia kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Yeyote anayeahidi kumwingiza mwenye D chuoni kwa ada ya ziada anayoomba itumwe kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi ni tapeli, hata akiwa na barua yenye nembo. Karo hulipwa kwa akaunti ya chuo, na risiti hutoka chuoni.

Baada ya hapo ndipo linapokuja jambo ambalo matangazo hayalisemi: hesabu ya saa. Katika vyuo vingi nchini, somo moja la muhula hukadiriwa kuwa na saa 45 za mafundisho. Anayechukua masomo manne ana saa 180. Muhula wa wiki 15 ukigawanya hizo, kila wiki inadai saa 12. Hizo ni za mafundisho tu. Kusoma vitabu, kuandika kazi na kurudia huongeza nusu yake angalau, na jumla inafika saa 18 kwa wiki. Kwa mtu wa kazi, hizo ni saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa nne Jumamosi na saa nne Jumapili. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kusoma hadi saa moja anaweza. Anayepanga kusoma usiku baada ya chakula, watoto wakishalala, mara nyingi hulala nao.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha miaka. Shahada yenye masomo 48 ikisomwa kwa masomo sita kila muhula, mihula miwili kwa mwaka, huisha kwa miaka minne, lakini inadai saa 27 kwa wiki, ambazo ni karibu kazi nyingine kamili. Kwa masomo manne ni miaka sita. Kwa mawili ni kumi na miwili, na vyuo huweka kikomo cha miaka ambayo mtu anaweza kubaki amesajiliwa. Kwa mtu aliyeajiriwa, miaka sita ndiyo makadirio ya kweli. Familia ielezwe hivyo tangu mwanzo, kwa sababu saa hizo 18 zinatoka mahali: shambani, kanisani, dukani, kwenye mikutano ya chama. Mume au mke asiyejua hesabu hii atadhani mwenzake amekuwa mvivu au ana mambo mengine.

Pesa zihesabiwe kwa namna hiyo hiyo, hadi mwisho. Karo ya muhula wa kwanza si tatizo, kwani wengi huuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa SACCO wakailipa. Kinachowashinda ni muhula wa tano. Chuo kiombwe karo ya programu nzima kwa maandishi, pamoja na ada za usajili, mtihani, maktaba na mahafali, ambazo mara nyingi hazimo kwenye tangazo. Kuna bando za intaneti, kwani video ya mhadhara wa saa moja hula data nyingi kuliko kitabu kizima cha PDF, na mwenye busara huomba maandishi kwanza na kupakua video mahali penye Wi-Fi. Simu inatosha kusomea, lakini haitoshi kuandikia kazi ya kurasa kumi. Kompyuta ndogo iliyotumika, yenye betri inayokaa saa tatu, ni bora kuliko mpya isiyodumu stima ikipotea.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) ina mkopo pia kwa watu wa mshahara wanaoendelea na masomo, na makato hufanyika kwenye mshahara. Kuhusu basari, wakazi wakumbuke kwamba chini ya Katiba ya 2010 elimu ya vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya kijiji. Ofisi ya msimamizi wa wadi ndiyo ya kuulizwa kama mwanafunzi wa masafa anastahiki msaada wowote katika mwaka husika wa fedha, na aulize kabla fomu hazijafungwa.

Masomo yenyewe hupimwa kwa sehemu mbili. Kazi za muhula na majaribio huchukua takriban asilimia 30 katika vyuo vingi, na mtihani wa mwisho 70. Mwanafunzi wa masafa hupoteza hizo 30 kirahisi zaidi kuliko zile 70, kwa sababu hakuna wa kumkumbusha tarehe. Akizikosa, anaingia kwenye mtihani akihitaji zaidi ya nusu ya alama za karatasi ili afikishe 40 za kupita. Tarehe zote ziandikwe ukutani wiki ya kwanza. Kazi itumwe siku mbili kabla ya mwisho, si usiku wa mwisho, kwa maana usiku huo ndio mtandao hugoma. Na kazi iwe yake mwenyewe. Biashara ya kuandikiwa kazi ipo, programu za akili unde zipo, na vyuo hutumia mitambo ya kulinganisha maandishi. Anayenaswa hupoteza somo au nafasi yake yote.

Upweke ndio huwaondoa watu wengi kuliko ugumu wa masomo. Mwanafunzi wa bwenini akikwama, humuuliza wa kitanda cha pili. Wa Mumbuni akikwama kwenye takwimu saa tano usiku, hana wa kumuuliza, na baada ya kukwama mara tatu huanza kuahirisha. Ukambani dawa yake inajulikana tangu zamani kwa jina la mwethya: watu hukusanyika kwenye shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Wanafunzi watatu au wanne wa masafa, hata wa vyuo tofauti, wakikutana kila Jumamosi alasiri katika darasa la shule au ukumbi wa kanisa, kila mmoja na vitabu vyake, hushikana mikono kwa namna ambayo kundi la WhatsApp la watu mia mbili haliwezi. Ombi la kutumia darasa hupelekwa kwa mwalimu mkuu, kwa barua, likieleza siku, saa na majina ya wahusika.

Inatokea pia kwamba mtu akaugua, akafiwa au akakosa karo katikati ya mwaka. Wengi hunyamaza tu, wakidhani watarudi mambo yakitulia. Chuo huhesabu kunyamaza kama kuacha masomo, na huenda kurudi kukadai usajili mpya. Kuahirisha ni haki iliyomo kwenye kanuni za vyuo, lakini huombwa kwa maandishi na ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi wiki za mwanzo wa muhula. Barua iende kwa msajili wa masomo, ikitaja nambari ya usajili, muhula unaoahirishwa na muhula wa kurudi, na mwombaji abaki na nakala pamoja na jibu la chuo. Hayo mawili ndiyo atakayoonyesha siku atakaporudi.