Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Matayarisho Yake na Siku Yenyewe

Mikoa ya Mbeya na Iringa husifika kwa chakula. Mpunga wa bonde la Usangu, viazi mviringo vya Uporoto, ndizi za Rungwe na mahindi ya Ismani hulisha watu wengi walio mbali na Nyanda za Juu Kusini. Katika miaka ya 1980 mikoa hiyo miwili, pamoja na Ruvuma na Rukwa, ilijulikana kama Mikoa Minne Mikuu kwa uzalishaji wa mahindi.

Hata hivyo, wingi wa chakula si sawa na ubora wa lishe. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa upande wa pili, utafiti kama huo wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba, kwa nchi nzima, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kati ya hao 28, wapatao 10 walikuwa na unene uliokithiri, yaani ule unaofungua mlango wa kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya viungo.

Kwa wagonjwa wachache ambao unene wao haukupungua kwa chakula, mazoezi wala dawa, upo upasuaji. Katika miaka ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, jijini Dar es Salaam, ilianzisha huduma za kupunguza uzito, zikiwamo za kuweka puto tumboni na za upasuaji. Mgonjwa atokaye Iringa husafiri yapata kilomita 500 kuifikia huduma hiyo, na atokaye Mbeya husafiri zaidi ya 800. Umbali huo ndio unaofanya matayarisho yawe jambo kubwa, kwa sababu kazi ya mpasuaji huchukua saa chache tu, ilhali sehemu iliyobaki ya tiba hufanyika nyumbani, kabla na baada ya kisu.

Nani anayestahili?

Waganga huanza na hesabu rahisi iliyobuniwa na mtaalamu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, katika karne ya 19. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mathalani, mtu mwenye kilo 120 na urefu wa mita 1.60 hupata 120 kugawanya kwa 2.56, yaani karibu 47. Kwa mtu mzima, jibu lililo kati ya 18.5 na 25 huhesabiwa kuwa la kawaida, na kuanzia 30 huitwa unene uliokithiri.

Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walishauri kwamba upasuaji ufikiriwe kwa mtu mwenye kipimo cha 40 au zaidi, au 35 ikiwa ana ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hao viliteremsha kiwango hicho hadi 35 hata pasipo ugonjwa mwingine, na vikaruhusu mwenye kisukari afikiriwe kuanzia 30. Lakini namba peke yake haitoshi. Mgonjwa huhojiwa kuhusu maisha yake, ulaji wake, pombe na hali ya moyo wake, kwa sababu mtu anayekula ili kutuliza huzuni hatatulizwa na kisu.

Yafaa pia mgonjwa ajue mapema matokeo anayoweza kutarajia. Kwa kawaida upasuaji hupunguza robo hivi ya uzito wote wa mwili, na pengine kufikia theluthi. Mtu wa kilo 120 akipoteza robo, hubakiwa na kilo 90, na kipimo chake huwa karibu 35. Bado ni mnene, lakini sukari na shinikizo lake la damu aghalabu huwa vimeshuka sana. Anayetazamia kuwa mwembamba kama alivyokuwa shuleni huenda akavunjika moyo, ingawa afya yake imeimarika.

Kinachofanyika tumboni

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani siku hizi ni ule wa kupunguza mfuko wa chakula. Mfuko huo hukatwa kwa urefu na kushonwa kwa mstari wa pini ndogo za madini. Kiasi cha asilimia 80 ya mfuko huondolewa kabisa, na kinachobaki ni mrija mwembamba unaofanana na ndizi. Hauwezi kurudishwa ulivyokuwa.

Mfuko mdogo hujaa upesi, lakini hiyo si sababu pekee ya mgonjwa kula kidogo. Sehemu ya juu ya mfuko, ambayo ndiyo huondolewa, hutoa kwa wingi homoni ya ghrelini, iliyotangazwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Homoni hiyo huupelekea ubongo habari ya njaa. Ikipungua, njaa nayo hupungua.

Njia nyingine, iliyoasisiwa na Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, huunganisha kifuko kidogo cha juu moja kwa moja na utumbo mwembamba. Puto, kwa upande wake, si upasuaji. Hupitishwa kinywani, hujazwa maji tumboni, na huondolewa baada ya miezi kadhaa.

Wiki za kabla ya safari

Mgonjwa hupimwa wekundu wa damu, sukari, figo, ini na moyo. Mfuko wa chakula huchunguzwa kwa mrija wenye kamera ili kuona kama kuna vidonda. Anayekoroma sana na kukatikiwa na pumzi usingizini hana budi kusema, kwani hali hiyo huongeza hatari ya dawa ya usingizi. Baadhi ya vipimo vya awali, kama vile vya damu, huweza kufanyika Mbeya au Iringa, lakini ni vema kwanza kuiuliza hospitali itakayopasua kama itayakubali majibu hayo.

Dawa zote hutajwa, za hospitali na za mitishamba pia. Baadhi huzuia damu kuganda, na nyingine huteremsha sukari. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayesema ipi iachwe na lini. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, kwa kuwa moshi wake hupunguza hewa safi katika damu na kuchelewesha vidonda kupona.

Kwa kiasi cha wiki mbili za mwisho, wapasuaji wengi humtaka mgonjwa apunguze sana ugali, wali, viazi na sukari. Wengi hudhani kuwa hayo ni majaribio ya uvumilivu. Sivyo. Ini huhifadhi wanga katika umbo la glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ini la mtu mnene huwa pia limejaa mafuta, na upande wake wa kushoto huufunika mfuko wa chakula. Wanga ukipunguzwa, akiba hiyo hutumika, maji huondoka, ini husinyaa, na mpasuaji hupata nafasi ya kuona anachokikata. Mgonjwa anayekula karamu ya kuaga usiku wa safari hujiongezea hatari yeye mwenyewe.

Basi kutoka Mbeya huchukua takriban siku nzima, kupitia mteremko wa Kitonga na mbuga ya Mikumi. Inafaa mgonjwa afike siku kadhaa kabla, akiwa na ndugu wa kumwangalia, na awe na mahali pa kukaa baada ya kuruhusiwa. Safari ya kurudi isipangwe kwa haraka. Kukaa kitako saa nyingi baada ya upasuaji huweza kusababisha damu kuganda katika mishipa ya miguu, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huweza kuua. Daktari ndiye aamuaye siku ya kusafiri, na njiani mgonjwa hushuka na kutembea kila inapowezekana.

Siku yenyewe

Asubuhi ya upasuaji mgonjwa huwa hajala. Chini ya dawa ya usingizi koo hupoteza uwezo wake wa kujilinda, na chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni. Kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, lakini kila hospitali hutoa agizo lake, nalo ndilo la kufuata. Aliyekula kwa kusahau aseme bila kuona haya. Kuahirishwa kwa siku moja ni hasara ndogo.

Pete, bangili, hereni na rangi ya kucha huondolewa. Kidoleni hubanwa chombo kidogo kinachopitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi na ile yenye oksijeni kidogo hunyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti, na kwa tofauti hiyo chombo hukadiria oksijeni iliyomo. Kanuni yake ilibuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970. Rangi ya kucha huweza kukipotosha.

Mgonjwa hutia sahihi hati ya ridhaa baada ya kuelezwa hatari: kuvuja damu, mshono kuvuja, damu kuganda, na kifo, ambacho katika hospitali zenye uzoefu hutokea kwa mtu 1 hivi katika kila 1,000. Kisha huulizwa jina lake na upasuaji anaofanyiwa, tena na tena, na watu mbalimbali. Maswali hayo ni sehemu ya orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, ng'ambo ya milima ya Udzungwa kutoka Iringa. Katika majaribio hayo vifo vilipungua kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8.

Mgonjwa akishalala, mpasuaji hutoboa matundu machache madogo na kujaza tumbo hewa ya ukaa kwa kanieneo ya milimita 15 hivi za zebaki, yaani kama sehemu moja ya hamsini ya kanieneo ya hewa katika usawa wa bahari. Hewa hiyo huchaguliwa kwa kuwa haiwaki, huyeyuka upesi katika damu na hutolewa kwa kupumua. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Mgonjwa huamka akiwa na kichefuchefu, koo lenye kuwasha na pengine maumivu ya bega, ambayo husababishwa na hewa kuukera msuli wa kupumulia. Siku hiyo hiyo husaidiwa kusimama na kutembea, kisha huanza kunywa maji kwa funda dogo dogo.

Kurudi nyumbani

Hatari haiishi mlangoni mwa hospitali. Mshono huweza kuvuja hata baada ya siku kadhaa. Homa, maumivu yanayozidi, kutapika kusikokoma, kuhema, mguu kuvimba, au mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, ni dalili za kukimbilia hospitali iliyo karibu bila kungoja kupambazuke. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa Mufindi au Chunya anapaswa kurudi na barua inayoeleza upasuaji aliofanyiwa, tarehe yake na namba ya simu ya mpasuaji. Daktari wa zamu asiyejua kilichofanyika huweza kuyachukulia maumivu hayo kuwa vidonda vya tumbo vya kawaida.

Wiki za kwanza ni za vinywaji: maziwa, mchuzi, uji mwepesi uliochujwa. Baadaye hufuata vyakula vilivyopondwa kama maharage, mayai na samaki, na mwisho chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Ulanzi na pombe nyingine hulevya upesi kuliko zamani. Mwanamke hushauriwa asipate mimba kwa miezi 12 hadi 18. Vitamini humezwa na damu hupimwa maisha yote, kwa sababu mfuko uliokatwa hutoa kidogo ule utomvu unaosaidia vitamini B12 kufyonzwa. Upungufu wake hudhoofisha damu na mishipa ya fahamu polepole, pengine baada ya miaka, wakati mgonjwa ameshasahau kisu.

Kabla ya kukata tiketi ya basi, basi, mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuwa na majibu ya maswali matatu: nani atampima damu kila mwaka, vitamini zitapatikana wapi, na usiku wa hatari atapelekwa hospitali ipi. Majibu hayo yakikosekana, ni afadhali safari ingoje.