Mawe ya Tochi Hula Nini?

Stima ikipotea, wengi wetu hukimbilia tochi. Lakini mawe yakianza kuchoka, mambo huwa mengine. Nyanya yangu huyaanika juu ya mabati. Simlaumu, maana jioni tochi huwaka tena, ijapokuwa kwa muda mfupi. Je, jua huyajaza umeme? Hasha! Hebu tulipasue jiwe kwa kisu cha kemia.

Jiwe la kawaida, lile la bei nafuu, ni mkebe wa zinki. Katikati mna kijiti cha kaboni. Kijiti hicho kimezungukwa na unga mweusi wa manganizi dioksaidi. Kati ya unga na mkebe pana utando wenye uji wa chumvi. Mfaransa Georges Leclanché alibuni betri ya jamii hii mwaka wa 1866, ila yake ilikuwa na chumvi ya majimaji.

Sasa sikizeni vizuri. Ndani ya jiwe hamna umeme uliotiwa kama maji mtungini. Mna kemikali tu. Ukiwasha tochi, kila atomu ya zinki inayoingia kwenye uji huacha elektroni 2 mkebeni. Elektroni hizo haziwezi kupita ndani ya uji, kwa hivyo huzungukia nje. Hupitia kwenye balbu, balbu ikawaka, kisha hufika kwenye kijiti na kupokelewa na ule unga mweusi. Safari hiyo ndiyo umeme wenyewe. Ukizima tochi, njia imekatika. Jiwe moja jipya hutoa volti 1.5, mawili yakifuatana hutoa volti 3.

Kumbe basi, zinki ndiyo kuni za jiwe! Joto la jua huzichangamsha kemikali zilizobaki, lakini zinki iliyoliwa hairudi. Ni sawa na kupuliza jiko ambalo makaa yake yamekuwa majivu.

Tena kuna hatari. Mkebe ukiliwa sana hutoboka, uji ukavuja na kula vyuma vya redio. Redio yetu ilikufa hivyo, na fundi alitaka pesa nyingi kuliko bei ya mawe mapya. Wale wanaoyaweka karibu na moto nao wajihadhari, kwani jiwe laweza kupasuka na kumuumiza mtu.

Kwa hayo machache, ndugu zangu, jiwe likiisha litoeni mapema, wala msiwaachie watoto walichezee. Zinki ikishaliwa, hata jua la Turkana haliwezi kuirudisha.