Mafahali Wawili Katika Tangi la Kioo

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii huifunza darasani mwaka baada ya mwaka, na aghalabu wanafunzi huifafanua kwa mifano ya wanasiasa wanaogombea kiti kimoja. Ni nadra kumsikia mtu akiirejesha kwa wanyama, ilikotoka. Hata hivyo, lipo suala la ufugaji ambalo methali hii hulijibu barabara: je, geko, yaani mijusi wa jamii ya mjusi-kafiri, wafugwe pamoja au kila mmoja apewe makao yake?

Uingereza na Marekani, geko hufugwa majumbani. Anayependwa mno ni geko-chui, aitwaye hivyo kwa madoa yake, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Wapo wafugaji wanaoshikilia kuwa geko aliye peke yake huona upweke, hivyo yafaa atafutiwe rafiki.

Nikiwa mwanaisimu, maneno hayo mawili hunitia shaka. "Upweke" na "urafiki" ni maneno tuliyojiundia sisi binadamu, ambao mtu kwetu ni watu. Tunapomvika geko maneno hayo, tunaacha kumtazama yeye na kuanza kujitazama wenyewe. Mfugaji akiona geko wawili wamelaliana, husema wanapendana. Kumbe mara nyingi wanagombania mahali penye joto! Geko hutegemea joto la nje ili mwili wake ufanye kazi, hata kusaga chakula. Mwenye nguvu hupatwaa mahali hapo, naye mnyonge hula kidogo na kukonda kimyakimya. Dalili huonekana mkiani, kwani humo ndimo geko-chui huweka akiba yake ya mafuta. Wakiumana, mkia huo waweza kukatika. Utaota mwingine, lakini akiba imekwisha kupotea.

Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe, kwani watapigana. Dume na jike nao wana matatizo yao: dume humsumbua jike bila kikomo, naye jike hutaga mayai mawili mawili, mkupuo baada ya mkupuo, hadi madini ya mifupa yake yapungue. Wapo wanaofaulu kuweka majike pamoja katika tangi kubwa lenye maficho kadhaa, lakini hata hao hulazimika kuwachunga daima. Fauka ya hayo, maradhi huenea upesi kupitia kinyesi, na penye geko wawili ni vigumu kujua ni yupi aliyeacha kula.

Msomaji aweza kuuliza: mbona mijusi-kafiri wetu huonekana watatu au wanne kando ya taa moja ukutani? Swali hilo ni la haki. Tofauti ni kwamba ukuta una upenyo. Anayeshindwa hutimkia darini au nyumba ya jirani, na mlio ule tunaousikia usiku huweza kuwa onyo la dume kwa dume mwenziwe asisogee. Katika tangi la kioo, aliyeonywa ataenda wapi?

Kwa hivyo, jibu langu ni kwamba kila geko apewe makao yake. Walimu wa sayansi wanaotamani kuwaweka mijusi wetu maabarani wakumbuke pia kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayefuga wanyamapori. Kwa bahati njema, ukuta wa bweni hauhitaji kibali. Wanafunzi na wamtazame mjusi-kafiri papo hapo alipo, waandike kwanza walichokiona: nani kasogea, nani kakimbia, nani kala. Neno "rafiki" wasiliandike mpaka wawe na ushahidi wake.