Alisamehe Kabla ya Kuombwa

Jumapili moja baada ya Misa, mvua ikinyesha na ukungu umeshuka mpaka mlangoni pa kanisa, mama mmoja kutoka bondeni alifika ofisini kwangu na mtoto mgongoni. Alitaka kumwandikisha kwa ubatizo. Nikafungua daftari kubwa, nikamwuliza jina la mtoto.

“Anuarite,” akasema.

“Unamjua Anuarite ni nani?”

“Mwalimu, najua ni sista aliyeuawa Kongo. Zaidi ya hayo nifundishe wewe.”

Nikaona haya, maana nami sikuwa na mengi ya kumfundisha. Wasomaji wapenzi, wengi wetu tumelisikia jina hilo. Iko kwaya mashuhuri ya Makuburi, Dar es Salaam, inayoitwa kwa jina la Mwenye Heri Anuarite, na nyimbo zake zinasikika hata huku kwetu Usambara, kutoka Soni mpaka Mtae. Lakini kulisikia jina si kumjua mwenye jina. Basi jioni ile nikatafuta habari zake, nikasoma mpaka taa ikaishiwa mafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, binti wa nne kati ya mabinti sita. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Siku ya kuandikishwa shule majina yakachanganywa, na kosa lile la daftari limedumu hata leo. (Sisi makarani tukifika hapo tusome polepole, na kutetemeka kidogo.) Hata hivyo jina lile la makosa lilimfaa, kwa kuwa maana yake ni mtu anayeicheka vita.

Baba yake alimwacha mama yao kwa sababu alizaa wasichana watupu, akaoa mke mwingine. Habari ya namna hiyo hapa milimani haihitaji kufafanuliwa; kila kijiji kina mama wa namna hiyo, na kila kijiji kina watoto wake, wanaokutana na baba yao njiani wakageuza uso. Husimuliwa kwamba binti huyu alimsamehe baba yake. Nadhani ndipo alipoanza kujifunza somo ambalo mtihani wake ulikuja baadaye.

Aliingia utawani Bafwabaka, katika shirika la Jamaa Takatifu, akaweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959, akaitwa Sista Maria Klementina. Kazi zake zilikuwa za kawaida kabisa: kupika, kutunza vyombo vya sakristia, kufundisha watoto. Hakuna aliyedhani kwamba huyu atatajwa altareni.

Ukafika mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki, na mwishoni mwa Novemba hasira yao ikawageukia wamisionari na watawa. Tarehe 26 Novemba Askofu Joseph Wittebols aliuawa huko Wamba. Siku tatu baadaye lori lilifika Bafwabaka, masista wote wakaamriwa kupanda. Waliambiwa wanapelekwa Wamba, wakapelekwa Isiro.

Huko Isiro mkubwa mmoja wa waasi, Kanali Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Kanali Olombe akapewa kazi ya kumlegeza. Usiku ule Olombe alijaribu kumwingiza kwa nguvu garini, yeye na mwenzake Sista Yohana Mbatizaji Bokuma. Wote wawili wakakataa. Akawapiga kwa kitako cha bunduki, na Sista Bokuma akavunjwa mkono. Anuarite, akiwa katikati ya kipigo, akamwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui analolifanya. Olombe akazidi kuwaka hasira, akawaita vijana wake wamchome kwa visu vya bunduki, mwisho akampiga risasi. Ilikuwa saa saba hivi ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Umri wake ulikuwa haujatimiza miaka 25. Masista wenzake walimsindikiza kwa wimbo wa Bikira Maria.

Alizikwa pamoja na wengine katika shimo moja. Walipofukuliwa mwaka uliofuata, alitambuliwa kwa kisanamu kidogo cha Bikira Maria alichokuwa nacho mfukoni.

Ndugu zangu, mimi nimefundishwa Katekisimu tangu utoto, na katika chuo cha ualimu nimefundishwa namna ya kuifundisha. Najua kwamba toba inataka majuto, maungamo na malipizi. Kwa hiyo siku zote niliona utaratibu ni huu: mkosaji kwanza alie, ndipo aliyekosewa asamehe. Lakini Olombe alikuwa hajalia. Mkono wake ulikuwa bado juu. Tena Bwana wetu msalabani aliwaombea waliomsulubisha wakati wangali wakigawana nguo zake.

Lakini mtu asiitumie habari hii vibaya. Nimewahi kumsikia mwanamume akimwambia mkewe aliyevimba uso kwamba mke Mkristo husamehe, basi arudi ndani akapike. Sivyo. Anuarite alisamehe, wala hakupanda lile gari. Alimsamehe Olombe na kumkatalia Olombe kwa kinywa kile kile, saa ile ile. Kusamehe ubaya si kuukubali uendelee.

Naye Olombe hakufa vitani. Alishitakiwa, akahukumiwa, kisha akaachiliwa. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Kinshasa kumtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri, na katika mahubiri yake akatangaza mbele ya umati kwamba naye anamsamehe aliyemwua, kwa moyo wake wote. Muuaji alikuwa angali hai. Hesabuni wenyewe: tangu usiku wa Isiro hata siku ile ni miaka zaidi ya 20, na muda wote huo msamaha ulikuwa ukimngoja.

Sasa niseme langu, maana si haki karani aandike za Kongo tu aziache za kwao.

Mimi na mdogo wangu tuligawiwa shamba la marehemu baba, mpaka ukiwa masale. Mwaka juzi niliporudi kutoka safari nikakuta masale yameng'olewa na kupandwa hatua tatu ndani ya upande wangu, na kabichi zake zimekwisha kushika. Nikamwuliza, akacheka. Tangu siku ile hatukusalimiana. Jumapili nilikaa benchi la kulia, yeye la kushoto, na wote wawili tukaenda kukomunika. Mimi ninayewaandikia wengine vyeti! Nilikuwa nikimngoja aje na machozi. Jirani zetu Wachagga humpelekea mtu jani la sale wanapomwomba msamaha. Nami nilijiambia kwamba ndugu yangu anayo masale mengi sana, tena ya wizi, hawezi kukosa jani moja.

Baada ya kusoma habari za Anuarite nilikwenda kwanza kwa Padre, nikaungama chuki yangu. Padre aliniambia maneno mawili matatu ambayo hayahusu gazeti. Kuhusu ardhi alisema waziwazi: aliyeiba hurudisha, kama Zakayo alivyofanya, na nisione haya kuidai kwa njia ya wazee. Lakini hiyo ni kitubio cha ndugu yangu, mimi nifanye changu.

Jumatatu jioni nikashuka kwake. Hakuwapo, alikuwa amepeleka mboga Soni. Shemeji aliponiona alishtuka, akakimbia kufuta kiti kwa kanga yake. Watoto wakanitazama kama mgeni wa mbali. Mdogo kabisa hakunijua jina, akauliza huyu ni nani. Nikanywa chai. Nikamwambia shemeji amwambie mumewe kwamba sina kitu juu yake moyoni, na kwamba habari ya mpaka tutaizungumza mbele ya wajomba, lakini salamu zisingoje mpaka.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani akakaa kushoto kama kawaida yake. Tulipotoka alisimama karibu na mlango wa ofisi, kofia mkononi, akaniuliza kama nina nafasi ya kumwandikia mwanawe kwa Komunyo ya Kwanza. Nikafungua daftari. Hakutaja shamba, nami sikutaja.

Masale bado yako pale alipoyapanda.