Sindano ya homoni ya ukuaji haimrudishii mzee nguvu

Huenda umemwona mzazi wako akishika meza ili ainuke kitini, au wewe mwenyewe siku hizi unapumzika katikati ya ngazi. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana sindano za homoni ya ukuaji zinazosifiwa kuwa hurudisha ujana huwavutia wengi.

Homoni hii hutengenezwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kiwango chake hushuka uzeeni. Panya wazee walipodungwa homoni hiyo maabara, misuli yao iliongeza kasi ya kutengeneza protini. Lakini panya waliofanywa kuwa nayo kupita kiasi hufa mapema, na wanaozaliwa bila homoni hiyo huishi zaidi ya wenzao.

Kwa binadamu je? Mwaka 1990, Dk Daniel Rudman na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi wanaume 12 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walivyodungwa homoni hiyo kwa miezi sita. Mafuta yalipungua kwa takriban asilimia 14 na uzito usio wa mafuta ukaongezeka kwa karibu asilimia 9. Wengi wakadhani uzee umepata dawa.

Tafiti zilizofuata zilipima nguvu yenyewe, na hazikuona ongezeko la maana. Sehemu ya uzito ule ni maji tu. Baadhi ya wazee walivimba miguu, wakaumwa viungo, wakapata ganzi mikononi au sukari ikapanda.

Kinachosaidia ni mazoezi. Mwaka 1994, utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kuwa wazee dhaifu, wenye wastani wa miaka 87, waliongeza nguvu ya misuli zaidi ya mara mbili kwa wiki 10 za kunyanyua uzito.

Anza nyumbani: inuka kitini na kukaa mara kadhaa, nyanyua chupa ya maji. Kula maharage, dagaa, mayai au maziwa. Kama una ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu, muulize daktari kwanza.

Nawe mzazi, usichanganye mambo. Mtoto aliyethibitishwa na daktari kuwa na upungufu wa homoni hii anaihitaji kweli. Usimkatishe sindano zake. Bali sindano hizo si za kumpa bibi yake.